Anza na tarehe: kusaka sayari za mbali kwa kompyuta

Kompyuta yangu ilishaniambia kwamba bahari ya Mombasa hujaa na kupwa mara moja tu kila baada ya siku 14 na robo tatu. Haikusita. Ilichora mstari mzuri uliopita katikati ya nukta zote, ikaniandikia kwamba uwezekano wa jambo hilo kutokea kwa bahati tu ni mdogo mno. Yeyote aliyewahi kusubiri feri Likoni anajua kwamba maji hapa hujaa mara mbili kwa siku, lakini kompyuta haijawahi kusubiri feri.

Jaribio lenyewe nililipanga kwa makusudi. Niliunda faili la kina cha maji kikipanda na kushuka kwa mpigo wa mwezi, yaani saa 12 na dakika 25 kutoka kujaa hadi kujaa. Kisha nikaacha namba moja tu kwa kila siku, ile ya saa nne asubuhi, wakati tunapokunywa chai ofisini. Faili hilo nikalipa programu ile ile ninayoitumia usiku kutafuta sayari zinazozunguka nyota nyingine. Nilitaka kuiona ikikosea kwenye jambo ambalo jibu lake ninalijua tangu utotoni, kabla sijaiamini kwenye jambo ambalo sitaliona kwa macho maisha yangu yote.

Kazi yangu ya mchana ni hesabu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Darubini sina, na kwa mchezo huu haihitajiki. Vipimo vimeshapimwa na wenye darubini zao, vinapatikana bure kwenye intaneti. Mwaka 2017, kwa mfano, watafiti wanaotumia darubini ya Keck kule Hawaii walitoa hadharani vipimo vya kasi karibu 61,000 vya nyota zaidi ya 1,600, mavuno ya miaka ishirini hivi. Programu nazo ni za bure. Nilianza na Systemic, ambayo unavuta vitelezi kwa kipanya na kuona mstari ukihangaika kuzifuata nukta. Baadaye nikahamia RadVel, iliyotoka mwaka 2018 na inayoendeshwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Kinachogharimu ni bando, na uvumilivu stima inapokatika usiku wa manane hesabu ikiwa imefika katikati.

Sayari ya mbali yenyewe haionekani, imezama kwenye mwanga wa nyota yake. Ila nayo inaivuta nyota. Zote mbili huzunguka kitovu kimoja cha uzito, kwa hiyo nyota huyumba: inakuja kwetu kidogo, inarudi nyuma kidogo. Ikija, mistari ya spektra yake, yaani mwanga wake uliotandazwa kwa rangi, husogea upande wa buluu. Ikirudi, upande wa nyekundu, na kiasi cha kusogea ndicho kinachotupa kasi yake. Mshtarii hulifanya Jua letu liyumbe kwa mita 12.5 hivi kwa sekunde, na mzunguko mmoja huchukua karibu miaka 12. Dunia yetu hulivuta kwa sentimita 9 tu kwa sekunde. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz, wakiwa kwenye kituo cha Haute-Provence nchini Ufaransa, waliiona nyota ya 51 Pegasi ikiyumba kwa mita 56 hivi kwa sekunde kila siku 4.23. Sayari yenye ukubwa wa aina ya Mshtarii, mwaka wake haumalizi hata wiki! Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Ukilifungua faili la nyota, utashangaa lilivyo dogo. Safu tatu za namba: wakati, kasi, na kosa linalokadiriwa la kasi hiyo. Basi. Karani yeyote angelisoma. Safu ya wakati ndiyo inayowatisha wageni, kwa sababu huandikwa kwa siku za Julian, namba inayoanza na milioni mbili na laki nne na zaidi, ikihesabu siku tangu mwaka 4713 kabla ya Kristo. Siku hizo hubadilika saa sita mchana wa Greenwich, ambayo kwetu ni saa tisa alasiri. Wanaastronomia walipenda hivyo ili usiku mmoja wa kazi usikatwe na kuwa na tarehe mbili. Mimi nikiwa Mswahili, siku yangu inaanza magharibi. Ya serikali inaanza saa sita usiku. Ya nyota inaanza alasiri, watu wakiwa wanarudi kutoka msikitini. Nimezoea.

Hiyo safu ya kwanza, ya wakati, ndiyo iliyonifundisha zaidi ya zile nyingine mbili. Wengi wanaoingia kwenye kazi hii hukimbilia safu ya pili, ya kasi, kwa kuwa ndiko sayari iliko. Mimi siku hizi naanza na tarehe, na nyota naiacha isubiri.

Tuirudie ile bahari. Nilimsimulia Ami yangu anayekaa Mtongwe, mvuvi aliyestaafu, kwamba kompyuta imehesabu maji yajaa mara moja kwa nusu mwezi. Nilidhani atacheka.

"Hayo maji waliyatazama saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne, Ami. Kila siku saa nne."

"Saa nne siku za bamvua maji yako chini kabisa, watu wa pweza wako mwambani. Saa nne siku za maji mafu yamejaa. Kompyuta yako haikukosea kuona. Wewe ndiwe uliyeichagulia saa."

Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo kwenye kitabu chochote cha takwimu. Maji hujaa kwa kuchelewa dakika 50 hivi kila siku. Ukiyatazama saa ile ile, kila siku unakuta yamesogea kidogo tu kutoka pale yalipokuwa jana, na baada ya siku 14.77 yanarudi pale pale. Mpigo wa kasi umevaa nguo za mpigo wa polepole. Kuna na zaidi: nilipoongeza kwenye faili mpigo wa maji unaoletwa na Jua, ule wa saa 12 kamili, ulipotea wote. Kila saa nne uko mahali pale pale, kwa hiyo programu iliuchukua kama kina cha kawaida cha bahari. Na nilipoongeza ule mpigo mdogo wa saa 23 na dakika 56, kompyuta ikaniambia una kipindi cha mwaka mzima. Bahari moja, mipigo mitatu ya kweli. Mmoja umegeuka nusu mwezi, mwingine mwaka, wa tatu haupo.

Darubini hutazama nyota jinsi mimi nilivyoitazama bahari. Hufanya kazi usiku tu, kwa hiyo vipimo hufuatana kwa siku nzima nzima. Nyota hutoweka nyuma ya Jua kwa miezi, hapo kuna pengo la kila mwaka. Na usiku wa mbalamwezi, ambao hauwafai wanaotafuta galaksi hafifu, mara nyingi hupewa wanaopima nyota angavu, kwa hiyo mwezi nao huacha alama yake kwenye ratiba. Siku, mwezi, mwaka: hizo ni saa nne zangu tatu, na kila faili ninalofungua zimo.

Mfano ninaoupenda ni wa nyota ya 55 Cancri. Mwaka 2004 ilitangazwa kwamba miongoni mwa sayari zake kuna moja yenye kipindi cha siku 2.8. Ilikaa kwenye orodha miaka kadhaa. Mwaka 2010 watafiti Rebekah Dawson na Daniel Fabrycky wakatazama upya tarehe za vipimo, wakasema kipindi cha kweli ni siku 0.7365, chini ya saa 18. Unaweza kuihakiki kwa kikokotoo cha simu. Gawa moja kwa 0.7365, unapata mizunguko 1.358 kwa siku. Toa 1.003, ambao ndio mpigo wa anga kurudi mahali pake kila siku. Inabaki 0.355. Gawa moja kwa hiyo: siku 2.8. Mwaka 2011 setilaiti ndogo ya Kanada iitwayo MOST iliiona sayari hiyo ikipita mbele ya nyota yake, kwa kipindi cha saa 18 kasoro. Hakuna aliyepima vibaya. Kasi zote zilikuwa sahihi. Tangu niifanye hesabu hiyo kwa mkono wangu, sijawahi kuiruhusu programu itafute kuanzia siku moja kwenda juu. Naishusha mpaka nusu siku, hata kama inachukua muda mara dufu.

Kuna nyota nyingine iliyo karibu zaidi na moyo wangu kwa sababu ni yetu. HD 83443, katika kundi la Vela upande wa kusini, ilipewa Kenya iitafutie jina mwaka 2019, wakati Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uligawia kila nchi nyota na sayari yake. Sasa nyota inaitwa Kalausi na sayari yake Buru, majina ya Kidholuo. Kwa macho matupu huioni, ni hafifu mno. Lakini vipimo vyake vinapatikana, na kwa mtu anayeanza ni nyota nzuri sana: myumbo ni mkubwa, mita 56 hivi kwa sekunde, na kipindi ni siku 2.986.

Nilipoiweka kwenye periodogramu, ile grafu inayoonesha kila kipindi kina nguvu kiasi gani, Buru alijitokeza mara moja. Kando yake kulikuwa na vilele viwili vingine virefu, kimoja cha siku 1.5 na kimoja cha siku 0.75. Asiyejua angedhani kapata sayari tatu. Hesabu ile ile ya kikokotoo inavitoa vyote viwili kutoka kwenye siku 2.986 na mpigo wa siku moja, kimoja kwa kutoa, kingine kwa kujumlisha. Ukiliondoa wimbi la Buru, vinaondoka naye. Hicho ni kipimo rahisi na nakitumia kila mara: ondoa kilele kirefu kabisa, halafu tazama nani kabaki.

Lakini kisa chenye mafunzo zaidi cha Kalausi ni cha sayari ambayo haipo. Mwaka 2000 kundi la wanaastronomia wa Geneva, wenye ujuzi kuliko sisi sote, lilitangaza kwamba nyota hii ina sayari ya pili, nyepesi kuliko Zohali, yenye kipindi cha siku 29.83. Miaka miwili baadaye kundi la mwanaastronomia Paul Butler likaileta hesabu yao kwa vipimo vya darubini mbili nyingine, moja ya Australia na Keck. Buru walimkuta pale pale. Wa siku 30 hawakumwona. Baadaye akafutwa, na leo ukitafuta sayari za Kalausi unampata Buru peke yake. Nami nilipoondoa wimbi la siku tatu kwenye vipimo vya Australia, mabaki hayakuonesha chochote pale kwenye siku 30.

Sababu hasa ya kilele kile siidai, wala si kazi yangu kuwahukumu watu waliogundua sayari nyingi kuliko nilizosoma. Ninachojua ni kwamba siku 29.83 ziko jirani na siku 29.5 za mwezi mwandamo. Kipindi kikikaa jirani na kalenda namna hiyo, mimi nakitilia shaka kabla hata sijaona grafu. Kikiwa karibu na siku moja, karibu na mwezi, karibu na nusu mwaka au mwaka, nakiweka kando mpaka kijitetee.

Kujitetea kwenyewe kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuzifuta kasi zote kwenye safu ya pili na kuweka moja, moja, moja mpaka chini, kisha kuendesha periodogramu. Kinachojitokeza hapo ni ratiba ya darubini tupu, bila nyota. (Uzime kile kipengele cha kuondoa wastani, la sivyo zile moja zote zinageuka sifuri na grafu inabaki tupu. Mafundi hawaliandiki hili kwa herufi kubwa, nami nashangaa kwa nini.) Ya pili ni kuziacha tarehe mahali pake na kuzichanganya kasi ovyo ovyo, mara elfu, na kila mara kuandika kilele kirefu kabisa kilichotokea. Kama vurugu tupu hutoa vilele virefu sawa na sayari yako, huna sayari.

Njia ya aina hiyo ndiyo iliyoiangusha sayari ya Alpha Centauri B. Mwaka 2012 ilitangazwa kwa shangwe: sayari katika mfumo wa nyota ulio karibu nasi kuliko yote, kipindi cha siku 3.24, myumbo wa sentimita 51 tu kwa sekunde, kutoka kwenye HARPS, spektrografu (chombo cha kutandaza mwanga wa nyota) kule La Silla nchini Chile. Miaka michache baadaye Vinesh Rajpaul na wenzake wa Oxford walitengeneza vipimo bandia visivyo na sayari, wakavichukua kwa tarehe zile zile za vipimo vya kweli. Ishara ya siku 3.24 ikajitokeza. Ilikuwa imo kwenye tarehe.

Mshirika wangu katika kazi hii ni binti wa dada yangu, anayesoma takwimu chuoni, naye ana haraka ya ujana. Yeye anaipenda Systemic kwa vile vitelezi vyake. Nikimwachia dakika kumi nakuta nyota ina sayari nne.

"Mjomba, lakini tazama mabaki yalivyopungua."

Yatapungua tu. Kila sayari unayoongeza inakuja na namba tano za kuchezea: kipindi, nguvu ya myumbo, uduaradufu wa mzingo, mwelekeo wake, na wakati. Kwenye faili la nukta thelathini, sayari nne ni namba ishirini; kwa namba ishirini utafuatisha nukta za kitu chochote, hata bei za vitunguu sokoni Kongowea. RadVel inapima kama sayari iliyoongezwa imelipa gharama ya namba zake, na hapo ndipo mpwa wangu alipoanza kuiheshimu, kwa sababu anaielewa hesabu hiyo kuliko mimi. Sasa yeye ndiye anayenikatalia.

Ananikatalia hasa kwenye uduaradufu. Mzingo ukiwa mrefu kama yai, mstari wa kasi unakuwa na mkia mrefu na mruko wa ghafla, na nukta chache hupenda sana umbo hilo, maana mruko huo unaweza kufichwa kwenye pengo ambalo hakuna aliyekuwa anatazama. Mizingo ya namna hiyo ipo kweli. Sayari ya HD 80606 b ina uduaradufu wa 0.93, ambapo duara kamili ni sifuri. Lakini sayari mbili zenye mizingo ya duara, moja ikizunguka mara mbili wakati nyingine inazunguka mara moja, nazo huchora mstari unaofanana sana na ule wa sayari moja ya mzingo wa yai. Mimi huegemea duara mbili, yeye yai moja. Kwa vipimo vichache hakuna hata mmoja wetu anayeweza kumshinda mwenzake, na tumeshabishana mpaka dada akatuzimia taa.

Madoa ya nyota nayataja kwa ufupi tu kwa kuwa yananishinda. Nyota hujizungusha ikiwa na madoa kama ya Jua, na doa likipita hupindisha mistari ya spektra kana kwamba nyota imesogea. Sayari ya Gliese 581 d, iliyokuwa na kipindi cha siku 66 na sifa kubwa ya kuwa huenda ina maji, ilipingwa mwaka 2014 na Paul Robertson na wenzake, walioonesha kwamba nyota yenyewe hujizungusha kwa siku 130 hivi, karibu mara mbili ya hizo. Tangu hapo siitazami kasi peke yake kama faili lina safu ya nne inayopima uchangamfu wa nyota. Kama haina, natafuta kipindi cha nyota kujizungusha, nakigawa kwa mbili na kwa tatu, na kuandika namba hizo pembeni kwa kalamu nyekundu.

Hata ukivuka yote hayo, uzito wa sayari unaoupata ni wa chini kabisa unaowezekana, kwa sababu hujui mzingo umelala vipi machoni petu. Mpwa wangu hilo linamuudhi. Mimi halinisumbui.

Sasa tunapitia zile faili za Keck, na kazi tumegawana. Yeye anachagua nyota na kunipa safu ya tarehe tu, kasi amezificha. Mimi naorodhesha vipindi vyote ambavyo ratiba ile inaweza kuvizua, namtumia kwenye simu kabla hajaendesha chochote. Orodha ya mwisho niliyompa ilikuwa ndefu kuliko kioo cha simu, akanijibu kwamba nimeshaua nyota nzima kabla hajaifungua. Nikamwambia aifungue. Kilele chake kimeangukia siku 17 na kidogo, ambazo hazimo kwenye orodha yangu, na Jumamosi anakuja Kisauni tuzichanganye kasi mara elfu.